Tarishi na Ukoko wa Elina

Tarishi wa boma alipofika Ivuna na baiskeli yake, Elina, mke wa jumbe, alijua kwanza atafuta vumbi kwenye viatu, halafu atanusa upande wa jikoni. Alikuwa mtu wa sauti ndogo na vidole virefu vya kubandulia ukoko, na ukoko wa Elina aliusifu mpaka Igamba. Safari hii alikaa mkekani, akakunja mikono mbele ya sahani ya ukoko aliyowekewa. "Nimeshiba, mama." Tumbo lake likanguruma, watu wakacheka. "Si ule tu!" akadakia Amoni, jirani. "Jumbe ameshakula fedha zetu za mbegu, wewe unaogopa ukoko?"

Elina akainama. Msaada ambao serikali iliwaahidi wakulima wa mpunga haukuwa umeonekana tangu mavuno, na kila kidole kilielekezwa nyumbani kwake. Tarishi akavua kofia yake ya kazi, akaiweka chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Jumbe hajala kitu," akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Fedha hazijatoka boma. Nilikatazwa kusema, ndiyo maana wali wenu haunipiti kooni." Kisha akavuta sahani, akabandua kipande kikubwa, akampa Amoni. "Tafuna, ndugu yangu, ulimi upumzike."