Mashemeji Wawili na Injini Moja

Harufu ya oili iliyoungua ikichanganyika na pamba mbichi: nifunge macho leo uninusishe hiyo, nitakwambia tuko nyumbani kwetu Bariadi, msimu ule nilipokuwa darasa la tano. Pamba ilijaa hadi sebuleni. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imeingia, wanunuzi binafsi walipishana barabarani, na Baba alikuwa akingoja wazidi kuoneana wivu hadi bei ipande. Nje ya mlango, pale ambapo watu wenye akili huweka plau, lilikaa gari jekundu la michezo, milango miwili, paa la turubai, la chini kama chura aliyeshiba. Meneja mmoja wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, alipohama alimwachia Baba kwa kubadilishana na ng'ombe. Mama alisema ng'ombe wale walikuwa bora, maana angalau walijua kwenda malishoni wenyewe.

Baba alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, upande wa Bagalu, moja ya makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma. Kwetu ngoma haina refa: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, kila moja upande wake, na lenye watazamaji wengi ndilo limeshinda. Mwaka uliotangulia, wapinzani wetu, Bagika, walicheza na chatu, watu wote wakakimbilia kwao, hata bibi yangu mzaa baba. Wachezaji wakamwambia Baba wazi kwamba akishindwa tena, ngoma itapewa mtu mwingine. Sasa Baba bila ngoma angebaki nani? Mkulima wa pamba mwenye sauti kubwa tu. Mpango wake ulikuwa kuingia uwanjani na gari lile likinguruma. Shida ni kwamba injini ilikuwa imechoka, ilikunywa oili kama mlevi wa mnadani, na ngurumo yake ilikuwa imegeuka kikohozi.

Fundi Limbu akatoa njia mbili. Silinda zichongwe zipanuke, zipewe pistoni kubwa zaidi, injini ile ile ipate kifua; au itolewe kabisa, ipandikizwe injini ya mtumba kutoka Japani, maana zilikuwa zimeanza kufurika Mwanza. Hapo mafahali wawili wakaingia zizi moja, kwa sababu Mjomba Masanja, kaka yake Mama, alikuwa na pikapu ya Kijapani na aliisifia kuliko watoto wake.

"Shemeji, mgeni njoo mwenyeji apone," alisema Mjomba. "Ya Japani unagusa ufunguo tu, imewaka. Hiyo yako itatusukumisha mbele za watu."

"Mgeni gani anayemtupa mwenyeji jalalani?" Baba akajibu. "Na hiyo ya kwako inalia vipi?"

"Hailii. Ndiyo uzuri wake."

"Basi mpe mchungaji aendee kanisani. Mimi naenda ngomani."

Wakabishana hivyo kila chakula cha jioni, nami kama mtoto mwadilifu nilimuunga mkono yeyote aliyeshika bakuli la nyama. Mwishowe Baba akatupanga watoto ukutani, tukafumba macho, pikapu ikawashwa. Tukasema ni cherehani. Likawashwa gari letu. Nikasema ni simba mwenye kifua kikuu.

"Simba anatibika," Baba akasema. "Cherehani ni cherehani."

Injini ikaenda Mwanza kuchongwa.

Siku ya ngoma ilifika, gari likawaka kwa mguso wa kwanza. Ngurumo ilipotoka, mbuzi walikata kamba, na watu wakaja mbio upande wetu. Wakasimama. Wakatazama. Basi. Ubaya wa gari zima ni kwamba ukishaliona, umeliona. Upande wa pili wakamtoa chatu wao kikapuni, watu wakaanza kurudi kule, na wachezaji wetu wakaanza kumtazama Baba kwa pembe ya jicho. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni. Niliona uso wake unakunjamana. Akazima gari, akainama sikioni kwangu.

"Ng'wanone, mwanangu, fungua boneti kama unaipoza injini. Chomoa waya wa koili."

"Baba, si linawaka?"

"Ndiyo maana."

Nikachomoa. Baba akageuza ufunguo, stata ikalia bure, bure tena. Akasimama juu ya kiti, mikono ameitandaza. "Jamani Bagalu, jamani Bagika, limegoma. Nani ana bega?"

Niambie mtu wa kwetu anayeweza kusikia gari limegoma akaendelea kutazama nyoka. Walimiminika na mabega na ushauri. "Weka gia ya pili." "Kwanza toa breki, mzee." Mzee mmoja ambaye hajawahi kupanda hata trekta alikuwa akimfundisha Fundi Limbu kazi. Ngoma zetu zikashika mwendo wa miguu yao, gari likazunguka uwanja mzima, vumbi na vigelegele, na mwisho hata yule mwenye chatu akaja, nyoka shingoni, akashika buti la nyuma. Mjomba alikuwa anatiririka jasho.

"Nilikwambia, shemeji. Nilikwambia itatusukumisha."

"Tia bega, shemeji," Baba akasema, akipunga mkono kama mkuu wa mkoa.

Sasa niko kidato cha tatu na Baba bado ni manju. Mjini, lakini, Mjomba ndiye aliyeshinda: magari ya Japani yamejaa, yanawaka kwa mguso mmoja, yanapita kimya na vioo vimefungwa, na humjui aliyemo. Sikatai, wakinipa lifti ya shule napanda. Ila Jumamosi Baba anapolitoa lile jekundu, mtaa mzima hutoka mlangoni. Juzi liliwaka papo hapo, na majirani waliokuwa wameshakunja mikono ya mashati ili wasukume wakarudi ndani wamenuna.