Mama Pindo na Mistari ya Chaki

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa hakuna fundi cherehani aliyemshinda kukunja pindo la gauni. Miaka ishirini na miwili alikalia kiti kilekile, na pembeni ya mashine kikombe cha chai ya vijiko vinne vya sukari hakikukauka. Alipoanza kuona ukungu kila akitunga uzi, akailaumu miwani. Kumbe ni kisukari.

"Dawa utameza, mama," muuguzi alimwambia, "lakini peke yake haitoshi. Nusu ya sahani iwe mboga, robo wali, robo maharage au samaki. Na utembee nusu saa kila siku."

Kuitikia kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwa mumewe, mpishi mstaafu wa bweni la shule, ambaye hakujua kumpakulia mtu mmoja. Wali wake ulikuja umevimba kama kichuguu.

"Baba, punguza."

"Hapo nimeshapunguza!"

Siku ya tatu Mama Pindo alitoa chaki ya kazini, akaweka alama tatu ukingoni mwa sahani.

Mzee akatoa macho. "Mke wangu, leo unakata wali au gauni?"

"Vyote. Ukivuka mstari umeharibu kitambaa."

Mzee alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo akalichukulia suala hilo kama la ufundi, na ole wako uguse mwiko wake.

Kutembea nako Mama Pindo akakupatia njia: nguo zikiisha kushonwa, anawapelekea wateja mwenyewe kwa miguu. Lakini mwezi ulipokwisha, sukari ilikuwa imepanda. Muuguzi aliangalia kipimo, akamwangalia na yeye.

"Unatembea kweli?"

"Kila siku. Nakwenda kwa wateja."

"Na wakikukaribisha, unakunywa nini?"

Mama Pindo akatazama dari. Nyumba tatu kwa siku, chai tatu zilizokolea sukari, na kukataa aliona haya. Muuguzi ndiye aliyeanza kucheka.

Kesho yake, kwenye mlango wa kwanza, alijikaza. "Nina kisukari, mwenzangu. Nipe maji, na umbea uniongezee."

Mwenye nyumba, mwalimu wa hesabu, hakucheka. Alichungulia nje, akafunga mlango. "Hata mimi ninacho," alinong'ona. "Mwaka wa pili huu. Sijamwambia mtu."

Mama Pindo alimshika mkono. Kisha akasema, "Vaa viatu."

Wakatoka pamoja, wamegawana mzigo wa nguo.

Baada ya miezi mitatu kipimo kilishuka, na muuguzi akampigia Mama Pindo makofi mbele ya foleni. Dawa anaendelea nazo, na zipo siku keki ya sherehe humshinda nguvu. Ila jioni hakosi njiani. Mwalimu hutembea kama anayekimbizwa, na Mama Pindo humpigia kelele kutoka nyuma apunguze mwendo, maana habari ya jirani bado haijafika patamu.