Supu Kabla ya Kisu

"Nikishika mwiko mimi, hata maiti atainuka aulize leo kuna nini!"

Ndivyo alivyotamba Chumvi uwanjani, kipaza sauti mkononi, siku watu wa meli ya matibabu walipokuja kutafuta wa kujitolea. Umati ukaangua kicheko. Daktari mmoja wa meli hakucheka, maana kwenye kazi yake maiti hawaulizi kitu. Lakini jikoni mikono ilikuwa haitoshi, wakamchukua.

Mtaani wakamwambia kujitolea ni jina la heshima la kukosa kazi. Hawakukosea sana. Kantini ya chuo alikokuwa akipika ilikuwa imefungwa, na lile jina la Chumvi alitoka nalo hukohuko, kwa wanafunzi waliolipa ada na kulipwa chumvi. Ila kilichompeleka melini hasa kilikuwa uso wa dada yake.

Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea Chumvi. Alikuwa na genge la mboga kwenye kona, na mdomo uliouza kuliko nyanya zenyewe. Kisha uvimbe ukamwota kwenye taya. Ulianza kama limau, watu wakampa pole. Ukawa chungwa, wakaanza kununua mboga huku wakitazama pembeni. Ulipofika ulipofika, hakuna aliyetaka kuutafutia tunda la kuufananisha nalo. Genge likafa. Sasa uvimbe ulikuwa umegeukia ndani, unasukuma koo, na dada alilala ameketi kama abiria.

Melini walitibu bure. Kwa watu wa kujitolea hapakuwa na upendeleo. Dada alipanga foleni kwenye jua kama watu wote, akapimwa, akapewa nafasi. Nafasi yenyewe ikaangukia siku ya mwisho ya upasuaji, kabla meli haijang'oa nanga. Lakini nafasi ni nafasi.

Chumvi naye akawa chini kabisa, kwenye jiko lisilo na dirisha. Meli ilikuwa imefungwa gatini kwa kamba nene, haiendi popote, ila sakafu ilitetemeka kutwa kwa ajili ya jenereta, mpaka mtu akishuka nchi kavu miguu inamshangaa. Viazi vilikuja kwa magunia. Masufuria yalikuwa makubwa hivi kwamba kuyasugua ni kuingia kichwa na mabega, miguu ikabaki nje kama ya mtu aliyemezwa nusu. Mvuke ulikatisha pumzi. Mshahara ulikuwa asante, na siku za sikukuu asante mbili. Mkuu wa jiko, mama mmoja mstaafu aliyepikia hospitali maisha yake yote, walimwita Jenerali, na yeye mwenyewe aliitikia.

Sasa kuna tabia moja ya wapishi. Mpishi huonja tangu alfajiri: kijiko cha supu, ncha ya kiazi, ukoko wa wali. Jioni anajitupa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuapa kwamba tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Wala hasemi uongo. Kwake, kilichopitia kijiko cha kuonjea hakihesabiki. Chakula ni kile kilichokaa kwenye sahani.

Siku ya upasuaji Chumvi alipandisha toroli ya supu wodini mwenyewe. Juu ya kitanda cha dada ilining'inia kadi nyekundu, maana yake huyu asipewe kitu. Angeingia chumba cha upasuaji asubuhi, lakini mgonjwa wa mbele yake alikuwa amewasumbua madaktari, na sasa ilikuwa mchana.

"We Chumvi," dada akaita kwa sauti ya chini. "Wodi nzima mnailisha, mimi nanusa tu kama paka wa buchani?"

"Vumilia, dada. Kesho utakunywa kwa mrija kama tajiri wa hoteli."

"Kesho mbali. Tangu jana mimi. Ukuta ule unazunguka, ninavyokuambia."

Chumvi akatazama huku na huku. Supu ilikuwa ya mifupa, mafuta yanaelea juu. Mkono ukaenda wenyewe mfuko wa aproni, kwenye kijiko chake cha kuonjea.

"Onja tu basi, uniambie imekaaje."

Akaonja. Akaonja tena. Cha tatu alikishika kijiko mwenyewe.

"Imekaa," akasema, akijifuta mdomo. "Ila pilipili manga umeibania kama mali ya mirathi."

Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Muuguzi akatokea na kipimo cha presha.

"Mama, tangu jana hujaweka chochote mdomoni? Hata maji?"

"Maji? Mwanangu, hata mate nameza kwa adabu."

Muuguzi akacheka, akampima, akaenda zake. Chumvi akasukuma toroli, na gurudumu moja likawa linapiga kelele ambayo hakuwahi kuisikia.

Jikoni Jenerali alikuwa anakata kabichi.

"Jenerali, hivi mtu wa upasuaji akionja kitu kidogo, inakuwaje?"

"Kidogo cha namna gani?"

"Vijiko. Supu."

Kisu kikasimama. "Dawa ya usingizi inalegeza kila kitu. Tumbo linarudisha kilichomo, mtu hawezi kukohoa, kinashuka mapafuni. Anazama, na yuko kitandani. Nimewaona. Nani kaonja?"

Chumvi akahesabu moyoni. Vijiko vitatu tu. Huenda visilete neno; wangapi wamekula wakaficha na wakaamka salama? Na akisema, nafasi imekwenda, na uvimbe unabaki ukisukuma koo.

"Chumvi. Nimekuuliza swali."

Akatoka mbio. Ngazi za chuma alizipanda aproni ikiwa inachuruzika. Kwenye korido dada alikuwa tayari juu ya kitanda cha magurudumu, kofia ya kijani kichwani, mlango umefunguliwa. Aliuona uso wa mdogo wake, akaelewa.

"Chumvi, nyamaza."

"Dada…"

"Nakuomba, mdogo wangu. Nimewahi kukuomba kitu mimi? Nyamaza."

"Amekula," Chumvi akamwambia muuguzi. "Supu. Nimempa mimi, sasa hivi."

Dada akafumba macho.

Daktari alitoka, akasikiliza, wala hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Akasema mwingine aliye tayari ndiye ataingia, na baada yake chumba kinafungwa, vifaa vinafungashwa kwa safari.

"Nitasubiri mpaka usiku," dada akasema.

"Hakuna usiku, mama. Mwaka huu meli hairudi hapa."

Wakamleta mzee mmoja mwenye ugonjwa wa ngiri, aliyekuwa wa akiba. Alipokuwa anapitishwa alimpungia dada mkono kwa furaha, maana hakujua. Mlango ukafungwa.

"Ungeniacha," dada akasema, akiivua ile kofia. "Ungeniacha nife humo ndani, na uso wangu wa zamani."

Chumvi akaipokea ile kofia mkononi mwake. Akarudi chini, kwa sababu viazi vilikuwa havijamenywa na watu wangetaka kula. Jioni ile wengi waliomba waongezewe. Yeye hakuonja kitu.

Kesho yake walishuka, yeye amebeba begi la dada na bahasha yenye picha ya taya. Hawakungoja kuiona meli ikiondoka. Walikwenda moja kwa moja hospitali kubwa ya mjini, wakaketi kwenye benchi la mbao mpaka wakaitwa dirishani. Karani aliiinua picha kwenye mwanga, akaigeuza, akairudisha chini ya kioo bila kumtazama dada.

"Upasuaji wa taya," akasema, "ni milioni saba na nusu."