Wanawake wa Shamba la Viazi

Baba yangu alianza kupoteza kumbukumbu mwaka ule ule nilioajiriwa kulinda picha. Ilikuwa 2017, tukikaa Haltom City, yeye, kaka yangu na mimi, katika nyumba ya kupanga. Kaka alikuwa anapakia maboksi ghalani. Mimi nilipata kazi kwenye jumba la makumbusho ya sanaa, Fort Worth. Kazi yenyewe ni kusimama. Unawaangalia watu wanaoangalia picha, na mtu akisogea mno unamwomba kwa upole arudi nyuma.

Mwaka uliofuata zililetwa picha za kuazima, za wachoraji Wafaransa wa karne ya kumi na tisa, nami nikapangiwa chumba chao. Habari zao nilizipata kwa kuwasikiliza waliokuwa wakiwatembeza wageni. Walisema wachoraji hao waliondoka Paris wakaenda kuishi kijijini, pembeni ya msitu, wakawachora wakulima: wanaopanda, wanaochunga kondoo, wanaookota masuke yaliyobaki shambani baada ya mavuno. Watu wa mjini wa wakati ule walichukia. Waliona si haki maskini mwenye matope miguuni achorwe kwa heshima waliyozoea kuona wakipewa watakatifu na wafalme. Mimi sikuchukia wala sikushangaa. Niliwatazama wale watu kama majirani niliosahau tu majina yao.

Picha moja ilikuwa ya wanawake wawili kwenye shamba la viazi. Mmoja amepiga magoti, anajaza gunia. Mwenzake ameinama na jembe, mgongo umepinda, uso hauonekani, na nyuma yao mbingu imeshaanza kuwa nyekundu. Mama yangu aliuawa vitani nikiwa mdogo mno kumkumbuka, na hatukuwa na photo yake hata moja. Nilijua tu kwamba yeye na baba walikuwa wakulima, huko milimani juu ya Uvira. Kwa kusimama pale kila siku nikajikuta nimempa mama mgongo ule.

Nyumbani mambo yalikuwa yanaharibika. Baba aling'oa maua mbele ya ofisi ya wenye nyumba apande mihogo, na kaka akaenda kuomba radhi. Yalipopandwa upya, baba akayang'oa tena. Kwa Kiingereza hakuwa na kitu, Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya msingi, na sasa hata Kiswahili kilianza kumtoka, akawa anarudi kwenye lugha ya nyumbani ambayo mimi naielewa nusunusu. Daktari alisema tutafute vitu vya kumkumbusha maisha yake ya zamani. Nikafikiri, vitu hivyo si ninavyo kazini?

Tulimpeleka Jumapili moja mchana, nikiwa mapumzikoni. Alivaa suti yake ya kanisani. Picha za mwanzo alizipita bila kuzitazama. Alipofika kwa wanawake wa viazi akasimama, akavua kofia. Alisema udongo ule ni mzuri, una maji. Kaka alinitazama akatabasamu, na mimi nikajisikia mtu aliyefanya jambo la maana.

Kisha baba akainua macho juu ya vichwa vya wale wanawake. Akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa nane. Akatikisa kichwa, akaonyesha ile mbingu kwa kidole.

"Jua linazama," alisema. "Waambie watoke shambani."

Nilidhani anatania. Alisogea mbele akaanza kusema nao mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani, sauti ya chini kwanza, kisha ya nguvu. Wageni wakageuka. Yule mwanamke aliyeinama, baba alimwita kwa jina, na jina lilikuwa la mama. Tangu tukimbie sikuwahi kumsikia akilitamka. Alinyoosha mkono amshike begani, kengele ikalia, na mfanyakazi mwenzangu, mama mmoja wa makamo ambaye huwa ninakula naye, akaja mbio. Alipoona ni mimi alisimama, akaniachia.

Kaka alimshika baba mkono. "Papa, ni photo tu. Hawa ni watu wa Ufaransa, walikufa zamani."

"Walikufa?" baba aliuliza, na uso wake ukabadilika.

Basi nikajaribu njia yangu. Nilimwambia tumeshawaambia, wamesikia, wanarudi nyumbani sasa hivi. Alinisikiliza vizuri. Aliwageukia, akangoja. Nasi tukangoja naye, kwa sababu hatukujua lingine la kufanya. Wale wanawake walibaki vile vile, mmoja na gunia, mwingine na jembe.

"Mbona hawaendi?" aliniuliza. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtoto anavyomuuliza mtu mzima, akiamini kwamba mimi najua.

Baba alianza kulia kwa sauti, na mwenzangu akawaomba wageni kwa upole watupishe. Tulimtoa tumemshika huku na huku, naye akigeuka nyuma kila hatua.

Ndani ya gari alilala. Ndipo kaka, ambaye alikuwa mvulana mkubwa wakati wa vita, akanieleza jambo ambalo walikuwa wamenificha wote wawili. Siku mama alipouawa, baba alikuwa amekwenda sokoni. Kabla ya kuondoka alimwomba mama amalize tuta lililobaki kwa sababu mvua ilikuwa karibu. Mama alibaki shambani na dada yake hadi jioni. Wenye silaha walipita kwa njia ya shambani. Kaka alieleza akiangalia barabara, bila kupunguza mwendo. Nilimuuliza kama baba aliwahi kusema chochote. Alisema baba alisema mara moja, kwenye kambi ya wakimbizi, kwamba afadhali angemwambia mama aliache lile tuta.

Baada ya siku ile jua likianza kushuka baba alikuwa anasimama mlangoni na viatu miguuni. Tulifunga mapazia mapema, tukawasha taa zote, tukaweka nyimbo za kanisa. Wakati mwingine ilisaidia. Mara nyingi haikusaidia, tukakaa naye tu, kila mmoja upande wake, mpaka achoke.

Mwaka 2019 kaka alipata kazi Houston, akahamia huko na mke wake mpya na baba, na shemeji alikubali kumtunza mzee kwa kuwa alikuwa anashinda nyumbani. Mimi peke yangu nisingeweza kumwacha na kwenda kazini. Nilikuwa nawafuata kila nilipopata ruhusa. Kisha ukaja ugonjwa wa 2020. Baba alilazwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Nesi mmoja alimshikia simu. Nilimwona kwenye kioo cha simu yangu, ana mashine usoni, macho wazi. Nilimwita Papa mara nyingi. Nilimwambia mimi ni nani, nikamwambia na kaka yupo nje kwenye gari. Sijui alisikia nini. Nesi alikuwa na wagonjwa wengine, akaniomba samahani, simu ikakatika.

Alizikwa wakiwepo watu wachache waliovaa barakoa, wamesimama mbalimbali. Mimi nilikuwa nimeambukizwa, nimejifungia Haltom City, nikafuatilia kwenye simu. Mchungaji aliomba kwa Kiswahili, upepo ukawa unameza nusu ya maneno. Shemeji ndiye aliyeshika simu, na mara nyingi niliona majani tu na viatu vya watu. Nilimwomba aielekeze kwa kaka. Aliielekeza. Kaka alikuwa ameshika koleo, anajaza udongo mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.