Saa Kumi na Nane za Kutazama Tu

Ni saa nne asubuhi, na Corinne Sizemore amekalia mikono yake. Kiti chake cha plastiki kiko pembeni mwa chumba cha matibabu, katika zahanati ndogo ya bondeni, mashariki mwa Kentucky. Mbele yake, daktari msaidizi Dwight Napier anampima mama mmoja mzee presha. Shuka ya karatasi inateleza kutoka kitandani. Corinne ananyanyuka nusu.

"Corinne," Dwight anasema bila kugeuka.

Anakaa tena.

Ana miaka thelathini na minne. Kwa miaka tisa amekuwa mhudumu katika nyumba ya wazee, akiwaogesha, akiwalisha na kuwageuza vitandani wachimba makaa ya mawe waliostaafu. Analipwa dola kumi na sita kwa saa. Sasa anataka kuifanya kazi ya Dwight, ya kupima, kutibu na kuandika dawa chini ya usimamizi wa daktari.

Chuo anachokiomba kinataka saa elfu mbili za kuhudumia wagonjwa. Yeye anazo zaidi ya elfu kumi na sita. Kinataka pia wastani wa alama usiopungua tatu kati ya nne. Wake ni tatu na nukta moja, na hiyo nukta moja ameitolea jasho.

"Nilipata D ya kemia nikiwa na miaka kumi na tisa," anasema. "Bibi yangu alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mwenye gari nilikuwa mimi."

Mwaka jana alilirudia somo hilo jioni, baada ya kazi, akapata A.

"Nikadhani A itaifuta D. Haifuti. Zinakaa pamoja kwenye karatasi, kama ndugu waliogombana wakakutana msibani."

Kilichobaki ni kile alichokiona chepesi kuliko vyote: saa arobaini za kukaa karibu na daktari msaidizi na kumtazama akifanya kazi. Mwezi uliopita alimletea Dwight orodha ya saa arobaini kamili. Dwight alisaini ishirini na mbili.

"Hizi nyingine sikukuona ukitazama," alimwambia. "Nilikuona ukikunja mablanketi, ukishika watoto wa watu, ukipiga deki."

Corinne hakubishana. "Kwetu, ukikaa na mwenzako anafanya kazi, watu wanauliza kama unaumwa," anasema. "Lakini alisema kweli. Saa moja huwezi kuiandika mara mbili, ya kuhudumia na ya kutazama."

Kwa hiyo amerudi kutafuta saa kumi na nane. Jana alipata sita. Maombi yanafungwa Ijumaa jioni, na leo ni Jumatano.

Baada ya chakula cha mchana anaingia Opal Deaton, mwenye miaka sabini na minane, akikohoa. Anamtupia jicho Corinne.

"Huyu wa pembeni ni wa nani?"

"Mjukuu wa Verna Sizemore, shangazi," Dwight anajibu; bondeni kila mwanamke mzee ni shangazi. "Anajifunza kukaa."

"Hao Sizemore hawajawahi kukaa. Utamuua."

Corinne anacheka, lakini hainuki. Opal anasema kikohozi ni cha vumbi la maua, kama kila mwaka. Dwight hagusi kifua. Anatazama chini.

"Hivyo viatu vya nani, shangazi?"

"Vya marehemu mume wangu, Hobert. Vyangu vilianza kunibana wiki iliyopita."

Dwight anapiga goti, anamvua soksi, anabonyeza kifundo cha mguu. Kidole kinaacha shimo, na shimo halirudi upesi. Ndipo anaposikiliza kifua, kwa muda mrefu. Si maua. Ni moyo: umechoka, na maji yanajaa miguuni na mapafuni. Ndani ya nusu saa mpwa wa Opal amekwisha kuja kumpeleka hospitali, huku Opal akilalamika kwamba maharage yake yako jikoni.



"Ningekuwa kazini, ningemvua vile viatu mara tu alipoingia," Corinne anasema. "Ningevipanga vizuri chini ya kiti. Nisingeviona."

Dwight ana miaka sitini na mitatu. Akistaafu, mgonjwa wa bonde hili atasafiri mwendo wa saa nzima kutafuta tiba. Corinne anajua kwamba chuo kina nafasi arobaini na waombaji zaidi ya elfu moja. Mpango wake ni kusoma miaka miwili na nusu, kisha kurudi hapa hapa.

Saa kumi na moja Dwight anafungua fomu.

"Ngapi leo?"

"Saba. Lakini toa robo saa. Nilimsindikiza shangazi Opal mpaka garini."

Dwight anaandika sita na robo tatu, anasaini. Zimebaki tano na robo.

"Njoo saa mbili," anasema. "Kesho wanakuja watoto wa chanjo. Watalia sana."

Corinne anafunga kifungo cha koti. "Nitawatazama," anasema.