Kuku wa Pole

Juzi niliingia ofisi ya wakili hapa mjini, digrii mkononi, kuomba kazi. Mteja wake, dereva aliyemgonga kwa gari mama mboga wa mtaa wa Woodley, akaja na kuku kwapani.

"Nampelekea yule mama, nimwambie pole."

"Are you mad? Ukienda, umekubali makosa! Case imekwisha!"

"Lakini bwana wakili, ni mimi nilimvunja mguu."

"Shut up! Hiyo sijasikia."

Nilikumbuka jirani aliyenigonga na baiskeli nikiwa mtoto. Alileta kuku, mama yangu akamwekea chai, maneno yakaisha.

Dereva alimpapasa kuku. "Basi nishtakiwe," akasema, akatoka.

Wakili akaniuliza, "And you? Unataka nini?"

"Nothing, sir."

Nikamfuata dereva. Kazi bado sina, ila siku hiyo tulikunywa chai kwa yule mama, Woodley.