Tangulieni, Nakuja

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya, kwanza juu ya nafsi yangu. Ilikuwa baada ya alasiri, hapa hapa Mabawa. Nilikuwa fundi baiskeli, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, si mtoto wa kusema alidanganywa. Nimekaa kwenye kigoda mbele ya dubwi, ile mashine ya kamari wanayoiweka vibarazani: unaitumbukizia sarafu ya mia mbili, picha za matunda zinazunguka, na roho nayo inazunguka.

Tangu asubuhi nilikuwa nalilisha. Hela ya mnyororo wa baiskeli ya mteja ilikwisha humo, ya mboga pia. Kuondoka siwezi, kwa sababu sote pale tuliamini jambo moja: dubwi likila sana hushiba, na likishiba hutapika. Tulilichukulia kama upatu wa mama zetu, kwamba ukishatoa, zamu yako haina budi kufika. Ningenyanyuka, mwingine angekaa akala jasho langu.

Basi likapita jeneza. Unaijua desturi yetu: jeneza likipita hukai, hata la mtu usiyemjua, unalipokea begani japo hatua chache. Kinyozi wa jirani alimwacha mteja na nusu kichwa, akatoka. Muuza mihogo akaepua karai. Mimi nikavuta kofia usoni.

Mzee Hoza, jirani yetu, akajitoa kwenye msafara akanijia. Hata shikamoo sikumpa.

"Nyanyuka, baba. Ni Fundi Athumani huyo."

Fundi Athumani ndiye aliyenifunza kazi. Alinichukua sina mbele wala nyuma, akanipa spana zangu za kwanza na hakunidai. Nilijua anaumwa, na sikuwa nimekwenda kumwona. Sasa nilipoambiwa ni yeye, mwanangu, unajua nilijibu nini?

"Tangulieni, nakuja."

Sarafu zilipokwisha ndipo nikakimbia. Makaburini nikawakuta watu wanakung'uta mchanga kwenye kandambili, majembe mabegani. Mzee Hoza hakunigombeza. "Mikono mitatu ya mchanga ndiyo iliyokuwa zamu yako leo," alisema. "Imekupita, na hiyo hairudi." Sijawahi kuona haya namna ile.

Asubuhi yake bwana mwenye ufunguo akaja kulifungua dubwi, akazimimina sarafu mfukoni. Nikamwuliza, "Jana lilibakisha kidogo tu kutapika, sivyo?"

Akacheka. "Kaka, hili halibakishi. Halijui nani katia wala katia ngapi. Kila sarafu linaanza upya, na limepangwa tangu linakotengenezwa, mwenyewe apate, nyie mkose."

Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Wanajua, na bado wanalipachika karibu na chuo cha Kurani cha watoto, kando ya mama wa uji, wanalipamba kwa taa, wanaliita mchezo. Mchezo gani huo ambao mmoja hashindwi? Wazee walisema mchezea zuri, baya humfika. Hili hata hilo zuri halina. Na nyie wa leo mnalo ndani ya simu, mnajifungia nalo chooni.

Nasaha yangu ni uliache. Ukishindwa kuliacha, basi tia hela ya kikombe cha kahawa, ambayo ikipotea hakuna atakayelala njaa, na ikiisha nyanyuka. Usirudi kuifukuzia iliyoliwa, wala usikope. Hakuna zamu yako mle ndani. Na ukiona kunyanyuka kunakushinda, mwambie mtu mapema, mkeo, mama yako, hata mimi. Mimi nilinyamaza kwa kuona haya, na haya hiyo ikanirudisha kwenye kigoda miezi mingine mitatu.

Mola akupe riziki ya jasho lako, na miguu miepesi ya kuitika unapoitwa. Nami siku nikipitishwa barabara hii begani kwa watu, akujaalie uwe umeshasimama.